Kufuma na kushona humliwaza mgonjwa wa kansa

MATIBABU ya kansa, au saratani, yana sehemu moja ambayo haiandikwi kwenye kadi ya mgonjwa. Sehemu hiyo ni kungoja. Unangoja foleni ya kumwona daktari, unangoja majibu ya damu, unangoja dawa itayarishwe, kisha unaketi kwenye kiti kwa saa mbili, tatu au hata sita huku dawa ikidondoka tone kwa tone kuingia mshipani. Ukirudi nyumbani unangoja tena wiki mbili au tatu ili mwili upate nguvu ya kupokea dozi nyingine. Muda wote huo mikono haina la kufanya, ilhali kichwa hakipumziki mchana wala usiku.

Wagonjwa wengi, hapa Kenya na katika nchi nyingine, wamegundua kwamba mikono ikipewa kazi ndogo, kichwa nacho hupoa. Wengine hufuma sweta, wengine hushona vitambaa kwa kroshia, wengine husuka kiondo au ukili. Je, kuna ukweli wowote katika jambo hili? Na ikiwa upo, mgonjwa afanye vipi kazi hiyo bila kujidhuru? Haya ndiyo tunayotaka kukueleza wiki hii.

Kwa mujibu wa makadirio ya shirika la kimataifa la utafiti wa kansa, ambalo ni tawi la Shirika la Afya Duniani (WHO), watu zaidi ya 42,000 walipatikana na kansa nchini Kenya katika mwaka wa 2020, na wapatao 27,000 walifariki kutokana nayo. Kansa ya matiti ndiyo iliyowapata watu wengi zaidi, ikifuatwa na ile ya mlango wa kizazi. Hii ina maana kwamba wengi wa wagonjwa hawa ni wanawake ambao tangu utotoni mikono yao haijajua kukaa bure. Mama aliyekuwa akiamka alfajiri kukama ng'ombe au kupanga mboga sokoni, ghafla anaambiwa aketi, asiguse kitu, apumzike. Anaambiwa hivyo kwa upendo. Lakini anapoketi hivyo siku baada ya siku, huanza kujiona kuwa mtu wa kufanyiwa tu, asiyeweza tena kumfanyia mwenziwe lolote.

Si dawa ya kansa

Kabla hatujaenda mbali, msomaji, yafaa jambo moja lieleweke wazi. Kufuma hakuponyi kansa. Uzi hauwezi kupunguza uvimbe wala kuzuia ugonjwa usienee. Kazi hiyo ni ya upasuaji, tiba ya miale na dawa za kansa ambazo wengi huziita kemo. Ukisikia mtu akikuambia uache dozi zako kwa sababu umepata njia nyingine ya kutuliza moyo, mtu huyo anakupoteza.

Faida ya kazi za mikono iko mahali pengine. Inasaidia kupunguza wasiwasi, inafupisha saa za kungoja, na inamrudishia mgonjwa jambo ambalo anaweza kuliamua mwenyewe. Daktari ndiye anayechagua dawa na tarehe. Rangi ya uzi utaichagua wewe.

Kwa nini mikono hutuliza kichwa

Sababu ya kwanza ni kwamba akili haiwezi kushika mambo mawili mazito kwa wakati mmoja. Unapohesabu vitanzi, viwili vya juu na viwili vya chini, sehemu ya akili iliyokuwa ikijiuliza maswali ya kesho hupata shughuli nyingine. Hofu haiishi, lakini hupungua sauti.

Sababu ya pili ni mwendo wenyewe. Mikono inaporudia jambo lile lile kwa mpigo mmoja, pumzi hufuata mpigo huo na mabega yaliyokuwa yamekazana hulegea. Ndiyo maana mtu anayesuka kiondo anaweza kuketi kwenye mkutano mrefu asichoke.

Sababu ya tatu inahusu kichefuchefu. Baadhi ya wagonjwa, baada ya dozi kadhaa za kemo, huanza kusikia kichefuchefu hata kabla dawa haijaingia mwilini. Harufu ya wodi pekee inatosha, au kuliona lango la hospitali. Mwili umejifunza kuogopa. Dawa za kawaida za kuzuia kutapika hazifanyi kazi vyema kwa kichefuchefu cha namna hii, na wataalamu hushauri mbinu za kulegeza mwili na kuvuta mawazo kwingine. Kazi ya mikono ni mojawapo ya njia za kuyavuta mawazo.

Sababu ya nne ni kwamba kazi hii ina mwisho unaoonekana. Matibabu ya kansa huenda miezi mingi bila mgonjwa kujua yamefika wapi. Kitambaa hukua mbele ya macho yako. Jana kilikuwa safu kumi, leo ni 14.

Watafiti wamesema nini

Mwaka wa 2013, jarida moja la Uingereza la tiba kwa njia ya shughuli lilichapisha matokeo ya maswali yaliyoulizwa wafumaji 3,545 kutoka nchi mbalimbali. Waliofuma mara nyingi zaidi kwa wiki ndio waliosema kwamba walijisikia watulivu na wenye furaha zaidi. Tukumbuke kwamba hao walikuwa watu wanaopenda kufuma, na walijieleza wenyewe, kwa hivyo matokeo hayo hayathibitishi kila kitu.

Mwaka wa 2016, watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, waliwapa watu wazima 39 dakika 45 za kutengeneza chochote walichotaka kwa karatasi, udongo na rangi. Walipima kwenye mate yao homoni iitwayo kotisoli, ambayo huongezeka mtu akiwa na wasiwasi. Kwa watu watatu kati ya kila wanne, homoni hiyo ilipungua. Waliokuwa na ujuzi wa sanaa na wasiokuwa nao hawakutofautiana. Watu hao hawakuwa wagonjwa wa kansa, na hawakuwa wakifuma, lakini utafiti huo unatupa somo moja la maana: si lazima uwe fundi ili mikono ikutulize.

Kazi gani inafaa

Wakenya hatuhitaji kutafuta mbali. Nyumba nyingi zina vitambaa vyeupe vya kroshia vilivyotandazwa juu ya makochi, na aliyevishona yumo humo ndani au ni jirani. Kroshia hutumia sindano moja tu yenye kulabu, na mshono mmoja ukiponyoka, kazi yote haifumuki. Kwa anayeanza akiwa mgonjwa, hii ndiyo kazi rahisi zaidi.

Kufuma kwa sindano mbili kunafaa kwa aliyekwisha kuzoea. Anza na skafu au mraba mdogo. Ukifuma miraba mingi, baadaye unaweza kuiunganisha iwe blanketi, na hakuna siku utakayosema umeshindwa, kwa kuwa kila mraba ni kazi iliyokamilika.

Ukambani na sehemu za Mlima Kenya, viondo vya katani au uzi wa sufu husukwa hata mtu akitembea. Pwani kuna ukili, ambao husukwa kwa miyaa na kuunganishwa kuwa mkeka au kikapu. Wengine hutunga shanga.

Wanaume nao wasijione wametengwa. Mvuvi anayeziba matundu ya wavu wake anafanya kazi ile ile ya mafundo na kuhesabu. Kofia nyeupe za Pwani zinazoshonwa kwa mkono, tundu moja baada ya jingine, zimewashughulisha watu kwa miezi kadhaa kofia moja. Kazi ya kuchonga mbao kwa kisu, hata hivyo, ni afadhali ingoje mpaka matibabu yaishe, kwa sababu tutakazozieleza hivi punde.

Tahadhari za mgonjwa

Mgonjwa wa kansa si sawa na mtu mwenye afya anayefuma kupitisha jioni. Soma mambo yafuatayo kwa makini, na umwonyeshe daktari au muuguzi wako ikiwa una swali.

Ganzi ya vidole. Baadhi ya dawa za kansa, kama vile paklitakseli, vinkristini, sisiplatini na oksaliplatini, huweza kudhuru mishipa ya fahamu ya mikono na miguu. Vidole hufa ganzi, huwasha kama vinavyochomwa na pini, au hushindwa kushika kitu kidogo. Mgonjwa anaweza kujidunga na asijue. Tumia sindano nene za mbao au mianzi zisizo na ncha kali, uzi mnene wa rangi ya kung'aa, na ufanye kazi mahali penye mwanga. Muhimu zaidi, mwambie daktari wako mara tu unapoanza kuangusha sindano au kushindwa kufunga vifungo vya nguo. Wagonjwa wengi hunyamaza wakidhani ni uchovu tu, na hali daktari akijua mapema anaweza kupunguza dozi au kubadilisha dawa kabla madhara hayajawa ya kudumu. Kwa njia hii kufuma kunaweza kuwa kipimo chako cha nyumbani.

Baridi. Anayetumia oksaliplatini huweza kusikia maumivu makali akigusa kitu baridi, hasa siku chache baada ya dozi. Kwake, sindano za chuma asubuhi ya baridi kule Limuru au Nyahururu ni adhabu. Atumie za mbao, na glavu ikibidi.

Damu. Kwa dawa nyingi za kemo, chembe nyeupe za damu, ambazo ni askari wa mwili, hupungua zaidi kati ya siku ya saba na ya 14 baada ya dozi. Wakati huo kidonda kidogo kinaweza kuleta maambukizi makubwa. Chembe zinazosaidia damu kuganda nazo huweza kupungua. Ndiyo sababu visu, makasi yenye ncha na sindano kali za kushonea ziwekwe kando siku hizo. Ukilazimika kushona, vaa subana, yaani kile kikofia cha kidoleni. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kuanza, na uweke kazi yako ndani ya mfuko safi. Miyaa au katani iliyolowekwa na kukaa hadi ikaota ukungu usiiguse kabisa, kwa sababu vumbi la ukungu huweza kudhuru mapafu ya mtu ambaye kinga yake imepungua.

Viganja. Dawa nyingine, kama vile kapesitabini, huweza kufanya viganja viwe vyekundu, vichubuke na kuuma. Msuguano huzidisha hali hiyo. Ukiona dalili hizi, acha kufuma na umjulishe daktari.

Mkono wa upande uliopasuliwa. Aliyeondolewa titi pamoja na tezi za kwapani anaweza kupata uvimbe wa mkono upande huo. Zamani wagonjwa waliambiwa wasiutumie mkono huo kabisa. Siku hizi inajulikana kwamba kuutumia polepole na kuongeza kazi kidogo kidogo hakuleti uvimbe huo. Hata hivyo, usiketi saa nzima bila kunyoosha kiwiko na bega. Weka mto chini ya mkono, fanya kazi kwa dakika 15 au 20, kisha pumzika. Mkono ukianza kuwa mzito au pete ikibana, nenda ukaonwe.

Sindano ya dripu. Kabla muuguzi hajakudunga, mwombe kwa heshima, ikiwa mishipa yako inaruhusu, aweke dripu kwenye mkono usioutumia sana, mbali na kifundo. Ikiwa uliondolewa tezi za kwapani, mkumbushe ni upande gani. Dawa ikishaanza kuingia, kazi nyepesi inaruhusiwa ilimradi mkono wenye dripu hauvutwi wala kukunjwa. Ukisikia moto, maumivu au uvimbe mahali palipodungwa, weka kazi chini na umwite muuguzi papo hapo. Usisubiri kumaliza safu. Baadhi ya dawa hizi zikivuja nje ya mshipa huunguza nyama.

Kusahau. Wagonjwa wengi hulalamika kwamba tangu waanze matibabu wanasahau, wanapoteza hesabu, wanasoma mstari mmoja mara tatu. Hili linajulikana na madaktari, na kwa wengi hupungua baada ya muda. Chagua mtindo usio na hesabu nyingi, na uandike kwenye karatasi umefika safu ya ngapi. Ukikosea, fumua. Uzi hauna kinyongo.

Kofia na matiti ya uzi

Kuna vitu ambavyo mgonjwa anaweza kujitengenezea na vikamfaa katika ugonjwa huo huo. Kwa dawa zinazoondoa nywele, nywele huanza kutoka wiki mbili au tatu baada ya dozi ya kwanza. Kofia iliyofumwa mapema humkuta mtu tayari. Itengenezwe kwa uzi laini wa pamba, kwa sababu sufu ngumu huwasha kichwa kisicho na nywele, hasa ikiwa kichwa kimepigwa miale.

Kingine ni titi la uzi. Matiti ya bandia yanayouzwa madukani ni ghali na wengine huyaona mazito. Nchini Marekani, Barbara Demorest wa jimbo la Washington, aliyeondolewa titi mwaka wa 2011, alianzisha Knitted Knockers, shirika la wafumaji wa kujitolea wanaotengeneza matiti ya uzi na kuyatoa bure. Hapa kwetu, mjini Thika, kuna mshonaji ambaye mwenyewe aliugua kansa ya matiti na ambaye amekuwa akifuma matiti ya aina hiyo na kuwafundisha wanawake wenzake. Titi la uzi ni jepesi, huingia ndani ya sidiria na hufuliwa. Muulize daktari kwanza ikiwa kidonda kimepona kiasi cha kulivaa.

Ukitaka kufuma pamoja na wengine, uliza kwenye kliniki yako kama kuna kikundi cha wagonjwa. Nairobi Hospice, ambayo ilianzishwa mwaka wa 1990, na hospisi nyingine nchini huwasaidia wagonjwa na jamaa zao si kwa dawa za maumivu pekee bali pia kwa ushauri. Wawili wanaofuma kwenye benchi moja huzungumza yale ambayo hawakuweza kuyasema nyumbani, kwa sababu macho yako kwenye uzi na hakuna anayemkazia mwenziwe macho.

Kwa jamaa za mgonjwa

Ikiwa unamwuguza mama, mume, dada au shangazi, usimpokonye kazi mikononi kwa kumwambia apumzike. Uchovu wa kansa ni wa kweli na haumalizwi na usingizi, lakini mgonjwa mwenyewe ndiye anayejua ni saa ngapi ana nguvu. Mletee uzi, mwulize anatengeneza nini, na asipofuma wiki nzima usimwulize kwa nini.

Pia usiigeuze faraja yake kuwa deni. Jamaa wengine, wakiona blanketi zuri, huanza kuleta maagizo: huyu anataka sweta ya mtoto, yule vitambaa vya arusi kabla ya Desemba. Fedha za matibabu ni shida kubwa katika nyumba nyingi, na anayeweza kuuza kazi yake na auze. Lakini kazi yenye tarehe ya mteja huleta wasiwasi ule ule tuliokuwa tukiukimbia.

Wakati uzi hautoshi

Kuna huzuni ambayo haiondolewi na kazi ya mikono. Ikiwa kwa wiki mbili au zaidi karibu kila siku huna hamu ya chochote, hata vitu ulivyovipenda, hulali, unajiona mzigo kwa watu, au unafikiri ni afadhali ufe, huo ni ugonjwa wa sonona na una matibabu yake. Mwambie daktari au muuguzi waziwazi. Ukiwa na mawazo ya kujitoa uhai, mwambie mtu wa karibu siku hiyo hiyo na uende hospitalini. Si udhaifu wa imani wala si kukosa shukrani.

Vilevile, nenda hospitalini bila kungoja tarehe ya kliniki, hata kama ni usiku, ukipata mojawapo ya haya ukiwa katika kipindi cha kemo: homa ya nyuzijoto 38 au zaidi, baridi ya kutetemesha mwili, damu inayotoka bila kukoma, au kidole kilichodungwa kinachovimba na kuwa chekundu. Usimeze dawa ya kushusha homa kisha ukalala. Sema mara moja kwamba uko kwenye matibabu ya kansa, na uonyeshe kadi yako.

Kwa anayetaka kuanza, kianzio ni kidogo: sindano moja nene ya kroshia, uzi wa pamba wa rangi unayoipenda, na mfuko safi. Viweke pamoja na kadi ya kliniki na chupa ya maji usiku wa kuamkia siku ya dozi. Kama hujui kushona, mtafute jirani mwenye vitambaa kwenye makochi yake, umwombe akuonyeshe kitanzi cha kwanza.